Dakika Saba za Kiwanda

Mume wangu aliwafuturisha watu wa mtaa mzima kabla jua halijazama. Nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa Tofail muuza chai, maana Tofail akisimulia jambo huongeza chumvi mpaka haliliki. Ni kweli. Walifungua kabla ya wakati, vikongwe waliojikaza tangu alfajiri, wagonjwa walioambiwa wasifunge wakafunga, na Maalim Wajed wa msikitini mwenyewe alikuwa na tende mdomoni. Lakini aliyefanya ni mume wangu, na aliyekuwa naye ndani ya chumba kimoja ni mimi, kwa hiyo nisikilize mimi.

Jina lake Sekandar. Mimi namwita Baba Lipi, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Jessore. Miaka ishirini na sita alikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha magunia, hapa Khulna, kando ya mto Bhairab, na kabla yake alikuwa baba yake. Watu hucheka. "Kushusha swichi nayo ni kazi?" Wacheke. Zamu tatu za watu ziliingia na kutoka kwa sauti ile. Wanawake tulibandika wali kwa king'ora, watoto walikwenda shule kwa king'ora, na Ramadhani ikifika tulikula daku kwa king'ora na kufuturu kwa king'ora. Saa ya msikiti ilikufa siku nyingi na hakuna aliyehangaika kuitengeneza. Ya nini? Sekandar yupo.

Sasa habari ya saa yake, maana hapo ndipo penye balaa. Mpiga king'ora wa kiwanda havai saa ya watu. Baba mkwe alimfundisha kuiweka mbele dakika saba, ili mtu akisikia king'ora apate muda wa kuvuka lango, kutundika shati na kufika kwenye mashine yake kabla mikanda haijaanza kuzunguka. Mtu anayekuja mbio ndiye anayekatwa vidole, alikuwa akisema mzee. Basi mume wangu aliishi maisha yake yote dakika saba mbele ya dunia. Siku ya harusi yetu alifika mama hajamaliza kunisuka, akaambiwa akakae nje. Ramadhani ilipokuja alikuwa akisoma ratiba ya msikiti, anaongeza saba zake kichwani, anapiga. Hakukosea hata siku moja.

Mwezi wa Julai kiwanda kikafungwa. Walibandika karatasi langoni, mvua ikanyesha, karatasi ikatoka wino, na bado watu waliendelea kuisoma. Kinakula hasara, walisema. Kila mtu akapewa barua ya kupunguzwa. Yake ilikuwa na mistari mitatu. Mimi kusoma ni kwa kubahatisha, lakini mistari najua kuihesabu. Miaka ishirini na sita, mistari mitatu, na mmoja ulikuwa jina lake.

"Watafungua," akaniambia. "Wanatutisha tu. Baada ya mvua watafungua."

Nikamwamini mwezi wa kwanza. Kila asubuhi aliamka wakati wa zamu ya kwanza, akaijaza saa yake, akaivaa, kisha akalala tena kitandani na saa mkononi. Wenzake walikwishatawanyika. Huyu anaendesha riksho, yule amekwenda kubeba matofali, Tofail aliyekuwa mfumaji hodari kuliko wote amefungua kibanda cha chai mbele ya lango lilelile, na ulimi wake ukazidi kuwa mkali kuliko tangawizi anayotia. Kaka yangu Ansar, aliye na kazi kwenye bohari ya samaki, akaja mara tatu.

"Shemeji, wanataka mtu wa kupokea barafu alfajiri na kuandika mapipa. Kazi ya heshima, hata huchafuki sana."

"Nina kazi," akasema mume wangu.

"Kazi gani, shemeji? Mbona lango lina kufuli?"

"Kufuli hufunguliwa."

Ansar akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria. Alipoondoka nilimgeukia Baba Lipi, nikasema maneno ambayo mke mwenye adabu hasemi. Nikamwambia yeye si mtu, ni kiatu kilichosahauliwa mlangoni na mwenyewe kashahama. Angenitukana ningefurahi. Aliinua mkono, akatazama saa yake, akageukia ukuta.

Mwezi wa pili baada ya kufungwa, Gofur akafa. Gofur alikuwa mtu wa mashine za kusokota, mpole, mcheshi, watoto wanne. Wanasema treni ilimgonga. Treni haimgongi mtu aliyelala mwenyewe juu ya reli akajifunika uso kwa shuka. Tulipotoka kwenye maziko nilimwona mume wangu amekaa kizingitini, halii, anafikiri. Nikaona anavyofikiri, moyo ukanipasuka. Mtu akilia namjua. Aliyekuwa akifikiri vile sikumjua.

Na fikiria, sisi ni watu wa juti, nyuzi za kufumia magunia. Nyumba ya mtu wa kiwanda cha magunia imejaa kamba. Kamba ya kuanikia nguo, ya kufungia kuni, ya kutundikia chandarua, ya ndoo ya kisimani. Nikazikusanya zote, nikazifunga ndani ya gunia, nikazipeleka kwa jirani yangu Sokhina.

"Za nini hizi, Mama Lipi?"

"Niwekee tu."

Sokhina alinitazama, kisha akalichukua gunia, akalisukuma chini ya kitanda chake. Nguo nikaanza kuanika juu ya ua wa mianzi, zikachanika, sikujali. Kisimani nikawa naazima ndoo.

Ramadhani ikaingia na mgao wa umeme. Kila magharibi, pap, giza, na kipaza sauti cha msikiti kinanyamaza. King'ora kikubwa cha kiwandani kilikuwa kimekatwa waya. Siku ya kwanza watu walifuturu ovyo, huyu sasa, yule baadaye, ugomvi mtupu. Siku ya pili Maalim Wajed akabisha hodi kwetu. Nyuma yake walikuwa watu wawili wamebeba chuma chekundu chenye mkono wa kuzungusha, king'ora cha zamani cha kuitia watu, moto ukizuka, walichokiomba kwa walinzi wa lango.

"Sekandar," Maalim akasema, "nimekuletea kazi. Ujira wake uko kwa Mungu, mimi sina kitu. Utakwenda kukifunga juu ya dari ya ofisi ya chama cha wafanyakazi, utuite tufuturu. Mtaa unakungoja."

Baba Lipi akainuka kitandani. Wallahi, kama aliyeitwa kwa jina lake baada ya kukaa katikati ya wageni. Akakishika kile chuma, akapuliza vumbi, akazungusha kidogo, akasikiliza.

"Kinataka mafuta," akasema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku tatu. Nikakimbia kuleta mafuta ya haradali niliyoyabakiza kwa bajia za mwezi mzima, nikamwaga nusu, wala sikuumia.

Siku kumi na nane alikuwa mtu. Kila alasiri alioga, akavaa shati, akapanda ngazi za nje za ile ofisi, akasimama juu pale na ratiba ya msikiti mfukoni. King'ora cha mkono kina ufundi wake: unaanza polepole, kinaguna, kisha unakaza, kinapanda, kinalia, na kumaliza unakiachia kidogokidogo kishuke chenyewe. Kililia vizuri mpaka watu wa upande wa sokoni walimtumia sharubati ya ndimu. Tofail naye alipiga kelele kutoka chini, "Bwana Sekandar, endelea kuzungusha, labda utaiwasha na mitambo!" na mume wangu akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la dengu. Nilimsikia anacheka, nikaingia ndani nikalia.

Siku moja nikapata ujasiri. Nikamwambia, "Baba Lipi, kiwanda hakipo. Irudishe saa yako. Kila siku unajumlisha, unatoa, ya nini taabu yote hii?"

Akaifunika saa kwa kiganja.

"Hii ni saa ya kiwanda," akasema. "Wakifungua wanikute nayo."

"Na wasipofungua?"

"Mama Lipi, niache."

Nikamwacha. Najuta mpaka leo. Ningeivunja kwa mchi.

Siku ya ishirini ya mfungo habari zikaenea kama moto: tajiri kutoka Dhaka amekikodi kiwanda, watafungua baada ya Idi, na leo adhuhuri karani anasoma langoni kazi zinazorudi. Mume wangu alikuwa wa kwanza kufika, bila shaka, dakika saba kabla ya wenziwe. Alivaa shati aliloweka kwa ajili ya Idi. Alisimama juani, kisha mvuani, kisha juani, koo kavu, tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri. Karani akasoma. Wasokotaji, hamsini. Wafumaji, sitini. Mafundi, kumi. Wafagiaji. Walinzi. Akakunja karatasi.

Haya nilisimuliwa na Tofail, naye kwa mara moja hakuongeza chumvi. Alisema Sekandar alisogea mbele akauliza kwa adabu, "Na mpiga king'ora, bwana?"

Karani akacheka, si kwa ubaya. "Mzee, siku hizi kuna kengele ya umeme. Inajipiga yenyewe."

Basi. Ni hayo tu. Mtu anaweza kusema, hata matusi hakutukanwa. Lakini kufungwa kwa kiwanda ni ajali iliyowapata wote, na mtu huvumilia la wote. Kufunguliwa bila wewe ni jambo jingine. Aliondoka pale, hakuja nyumbani, akaenda moja kwa moja hadi juu ya dari, akakaa karibu na chuma chake.

Mbingu ilikuwa nzito siku hiyo, mawingu yameshuka mpaka juu ya mabomba ya moshi ya kiwanda, jua hujui liko wapi. Umeme ukakatika mapema. Nilikuwa nimetandika mkeka, bajia tatu, bisi za mchele, dengu, maji. King'ora kikalia. Kililia vizuri, tena vizuri kuliko siku zote, kirefu, kama cha zamu ya kwanza. Nikasema bismillahi, nikanywa maji, nikauma bajia. Mtaa mzima ukanyamaza, kule kunyamaza kwa watu wanaokula wenye njaa.

Halafu nikamaliza bajia ya pili. Nikaanza kuona kitu kimekosekana. Ng'ambo ya mto kuna kijiji chenye muadhini mwenye koo la fahali, hahitaji umeme, kila siku adhana yake hutufikia kwa maji pamoja na king'ora chetu. Haikuja. Nikaweka bakuli chini. Nje nikasikia mtu anauliza, "Mbona ng'ambo kimya?" Mwingine akasema, "Yarabi." Tukakaa vile, vinywa vimejaa, hatuwezi kumeza wala kutema, mpaka ikaja. Allahu akbar, kutoka ng'ambo, polepole, juu ya maji. Ilikuwa ndiyo kwanza magharibi.

Dakika saba. Alitazama ratiba, akatazama saa, akapiga. Hakuongeza saba zake. Mchana ule alikuwa amesimama kiwandani, na kichwa chake kilibaki kulekule.

Sitaki kueleza sana yaliyofuata. Walikusanyika chini ya ngazi, elfu au elfu mbili sijui, na shari ya mtu mwenye njaa aliyeharibiwa saumu siku ya ishirini huijui mpaka uione. "Mshushe!" "Mwehu huyo!" "Mama yangu ana kisukari, kafunga kwa shida tangu alfajiri, leo umemfanya nini, ewe mwana haramu?" Tofail akapaza sauti kuliko wote: "Muulizeni ametuuza kwa nani! Kiwanda kimemkataa, sasa anatupeleka wote motoni tukamfanyie zamu huko!" Wengine walicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi.

Maalim Wajed akasimama kwenye ngazi, amenyanyua mikono. "Jamani! Jamani! Mwenye kukosea bila kukusudia hana dhambi. Siku hii tutailipa baada ya Idi, siku moja tu, hata mimi. Nendeni mkaswali."

Wakaenda wakinung'unika. Baba Lipi akashuka. Alinipita kama hanioni, akavua shati la Idi, akalikunja vizuri sana, akalala akatazama ukuta.

Tangu hapo ndipo nilipojua hofu. Zile siku za mwanzo zilikuwa mchezo. Siku ya kwanza hakula futari wala daku, alikunywa maji tu akaendelea kufunga. Siku ya pili alivua saa, akanipa.

"Mpelekee Ansar. Ni saa nzuri, haijawahi kusimama."

"Wewe utavaa nini?"

"Mimi sina haja."

Mtu anayegawa vitu vyake, mama yangu alikuwa akisema, mfungie mlango. Nikaitia saa kifuani, nikakaa mlangoni usiku kucha na mchana kutwa. Nilikwenda msalani mbio, nikarudi mbio. Nilimwita Maalim, akaja, akasema maneno mazuri, akaondoka na maneno yake. Nilimpigia Lipi simu kwenye duka la Jessore, nikaambiwa hayupo. Nilimtukana mume wangu. Nilimbembeleza. Nilimshika miguu, mimi, ambaye hata siku ya harusi walinisukuma kichwa ndipo nikainama. Nikamwambia, Baba Lipi, nitafanya kazi mimi, nitaosha vyombo vya watu, wewe kaa tu, kaa hapo, uwe unapumua tu. Alinipapasa kichwa mara moja.

Siku ya tatu, alasiri, akageuka. Alinitazama kwa upole, uso umetulia.

"Mama Lipi, kamba ya ndoo iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nikakuchotee maji."

Alikuwa hajanichotea maji tangu Lipi azaliwe.

"Imekatika," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Imekatika, nitanunua nyingine."

"Basi," akasema, akageukia ukuta. "Si lazima iwe leo."

Nikatoka nje. Sokhina alikuwa akikaanga, nikamwambia, "Dada yangu, njoo ukae mlangoni kwangu. Usiingie, usiondoke. Ukisikia kitu kimeanguka, piga ukunga." Akaacha mafuta motoni, akaja na kijiko chake mkononi.

Sikuwa na mpango. Asije mtu akasema nilikuwa na busara. Nilijua kitu kimoja tu: tangu Julai, kilichomwinua mtu yule kitandani ni sauti ile, hakuna kingine, si mimi, si Maalim, si Mwenyezi Mungu, anisamehe. Nikapanda zile ngazi. Nilikuwa sijawahi kupanda. Mwanamke juu ya dari ya chama, magharibi ya Ramadhani, mtandio umeniangukia mabegani. Saa ikiwa mkononi mwangu nikaisoma, nikatoa saba. Zilibaki dakika tano za haki kabla ya kufuturu. Chini watu walikwishaketi kwenye mikeka. Tangu siku ile walikuwa wakifuturu kwa redio ya Tofail, wamejipanga mbele ya kibanda chake kama wanaongoja tiketi.

Nikashika mkono wa kile chuma, nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Kilibweka. Kikakohoa, kikalia kama mbuzi anayeshikwa na mtu asiyejua kuchinja. Chini wakaruka wote.

"Nani huyo!"

"Msile!" nikapiga kelele. "Bado! Asile mtu! Siwaiti nyinyi! Namwita mume wangu!"

"Laa ilaha," nikamsikia Tofail. "Wazimu umeingia kwa mke. Shuka, shemeji, utatuulia na saumu ya leo!"

"Shuka wewe kaburini!" nikamjibu. "Nimesema namwita mume wangu! Mle msile shauri yenu!"

Nikazungusha. Kiganja kikachubuka. Nikazungusha, nikalia, kamasi na machozi, na kile chuma kikalia pamoja nami vibaya vilevile. Nikatazama kule kota za wafanyakazi, mlango wetu wa nne kutoka mwisho, na Sokhina amesimama na kijiko chake. Hakuna kitu. Nikasema, sasa ameshafanya. Kwa shuka, kwa mtandio wangu, kwa chochote, na mimi niko huku juu nazungusha chuma.

Kisha Sokhina akasogea pembeni. Akatoka mtu, kifua wazi, kikoi kimefungwa ovyo, miguu mitupu, anakuja mbio kwenye tope, na mikono yote miwili ameinyanyua.

"Acha! Mama Lipi, acha! Bado! Watakula! Bado!"

Watu wakampisha. Alipanda ngazi kwa magoti na mikono, siku tatu hajala, akanishika mkono, akaubandua kwenye chuma kidole kimoja kimoja.

"Unafanya nini? Unafanya nini, mwanamke? Unataka wale tena kabla? Unataka wanichinje?"

"Ndiyo," nikasema. "Bora wakuchinje wao."

Akanielewa. Nilimwona anaelewa. Akanitazama macho yaliyovimba, kiganja kinachotoka damu. Akanyoosha mkono.

"Lete saa."

Nikamtolea. Akaitazama. Nilimwona midomo inakwenda, anajumlisha, anatoa, kisha akasimama katikati ya hesabu, kama mtu aliyechoka njiani akautua mzigo. Akavuta kile kifundo kidogo ubavuni mwa saa kwa kucha zake. Akarudisha mshale nyuma. Dakika moja, ya pili, polepole, mpaka saba. Akakisukuma kifundo ndani. Alilia wakati anafanya hivyo, bila sauti, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu. Nami sikumgusa, kwa sababu yalikuwa ya baba yake pia.

"Bado dakika mbili," akawaambia watu kwa sauti iliyokwaruza.

"Zipi?" Tofail akauliza. "Za kwako au za Mungu?"

"Za watu wote."

Tukangoja. Dakika mbili ni ndefu, usione hivi. Kisha akashika mkono wa chuma, akaanza, polepole kwanza, kikaguna, kikapanda, kikalia vile kinavyotakiwa kulia, juu ya mapaa, juu ya kiwanda kilichofungwa, mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyekula. Walishika tende zao wakamtazama yeye, na mawingu, na redio iliyokuwa ikikoroma matangazo.

"Sekandar!" Tofail akaita. "Una hakika? Nitakurusha mtoni, mimi nakwambia. Una hakika?"

"Nina hakika."

Tofail akamtazama kidogo. Akatikisa kichwa, akasema bismillahi, akatia tende mdomoni. Alikuwa bado anatafuna adhana ilipokuja kutoka ng'ambo, na wengine wote wakainama wakala.

Sisi tulifuturia palepale juu, maji ya kopo aliyotupandishia Sokhina, na bajia zake zilizoungua. Baba Lipi alikula moja kwa shida. Alitapika kidogo, akala tena.

"Ansar alisema barafu inafika saa ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na moja alfajiri."

Akatazama saa yake. "Nitachelewa," akasema. "Sijazoea kwenda kwa saa hii."

Alikwenda. Kazi yenyewe ni baridi, vidole vinakufa ganzi, na anarudi ananuka samaki mpaka paka wa kota wanamsindikiza. Kengele ya umeme ya kiwanda inajipiga yenyewe kila asubuhi, na akiisikia husimama kidogo, hata kama ana kijiko mdomoni. Zipo siku anazolala akatazama ukuta. Siku ile tuliyodaiwa mtaa mzima tuliilipa baada ya Idi, na Tofail mpaka leo humwita Dakika Saba.

Kamba sijazirudisha. Ziko kwa Sokhina chini ya kitanda, na nguo naanika juu ya ua.